Horii au Sakaguchi: uanze na gemu za nani?

Dragon Quest ya kwanza, iliyotoka Japani tarehe 27 Mei 1986, inakuweka ndani ya chumba cha mfalme na mlango umefungwa. Hutoki humo mpaka uzungumze na watu, ufungue masanduku yaliyo chumbani, uchukue ufunguo, ufungue mlango, kisha ushuke ngazi. Ukifika nje umekwisha kujifunza karibu kila amri utakayoihitaji safari nzima, na hakuna aliyekukalisha chini kukufundisha. Halafu unapiga hatua chache nje ya kasri na unaona, ng'ambo ya maji, ngome ya adui mkuu. Iko pale pale tangu dakika za mwanzo. Unaiona kwa macho, ila hujui utaifikiaje.

Final Fantasy ya kwanza ilitoka tarehe 18 Desemba 1987. Mashujaa wanne wanafika mjini, wanaambiwa binti mfalme ametekwa, wanaelekea kaskazini, wanamwokoa, wanamrudisha kwa baba yake. Kwa gemu nyingi za wakati ule hiyo ingetosha kuwa hadithi nzima. Hapa mfalme anawajengea daraja kwa shukrani, na wanapolivuka ndipo skrini inabadilika, muziki unainuka na utangulizi unaanza kusomeka. Kumbe yote uliyoyafanya yalikuwa dibaji.

Chumba kile ni cha Yuji Horii. Daraja hili ni la Hironobu Sakaguchi. Kijana anayetaka kuingia katika gemu za kuigiza za Kijapani, hizi zinazoitwa RPG, akiniuliza aanze na ipi, humwambia achague kwanza mtu, gemu itafuata. Orodha za "gemu bora kumi" hazimsaidii mtu, kwa sababu zinachanganya kazi za watu wenye mioyo tofauti kabisa. Hawa wawili ndio walioiweka misingi ya fani hii, na anayefahamu tofauti yao hapotezi saa 60 kwenye gemu isiyomfaa.

Wametoka wapi

Horii alizaliwa tarehe 6 Januari 1954 mjini Sumoto, kwenye kisiwa cha Awaji. Alisoma fasihi Chuo Kikuu cha Waseda jijini Tokyo, na ndoto yake ilikuwa kuchora manga, yaani katuni za Kijapani. Aliishia kuwa mwandishi wa kujitegemea, akiandikia majarida, likiwamo jarida maarufu la katuni la Shonen Jump. Kompyuta alijifundisha mwenyewe. Kampuni ya Enix ilipotangaza shindano la kutengeneza gemu, alipeleka gemu ya tenisi aliyoiita Love Match Tennis, nayo ikawa miongoni mwa zilizoshinda. Enix haikuwa na watengenezaji wa kwake. Ilitafuta vipaji nje, ikachapisha kazi zao na kuziuza. Kwa hiyo tangu mwanzo Horii hakuwa mfanyakazi wa mtu. Baadaye alianzisha kampuni yake ndogo, Armor Project, na mpaka leo Dragon Quest inapotoka jina la kampuni hiyo limo.

Kabla ya Dragon Quest alitengeneza gemu ya upelelezi wa mauaji katika mji wa Kobe, Portopia, mwaka 1983. Ilipohamishiwa kwenye Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo, mwaka 1985 aliiwekea menyu ya amri, ili mchezaji achague la kufanya badala ya kuandika. Wakati huo alikuwa amekwisha kupenda RPG mbili za Kimarekani, Wizardry na Ultima, zilizochezwa na watu wachache wenye kompyuta na uvumilivu mwingi. Kazi aliyojipa ni kuwafikishia utamu ule watoto wenye Famicom, waliokuwa hawajawahi kusikia neno RPG. Ndiyo maana ya chumba chenye mlango uliofungwa. Mtu aliyezoea kuandikia wasomaji wa jarida anajua kwamba msomaji akikwama ukurasa wa kwanza, hafiki wa pili.

Sakaguchi ni mdogo kwake kwa karibu miaka tisa. Alizaliwa tarehe 25 Novemba 1962 katika mji wa Hitachi, mkoa wa Ibaraki, na alikuwa akisomea uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Taifa cha Yokohama alipopata kibarua Square mwaka 1983. Square ilikuwa tawi la programu lililoanzishwa na Masafumi Miyamoto ndani ya kampuni ya baba yake ya kujenga nyaya za umeme. Sakaguchi akaacha chuo. Gemu zake za mwanzo, kuanzia The Death Trap ya mwaka 1984, hazikumpatia jina. Alitamani kutengeneza RPG lakini wakubwa hawakuona biashara humo, mpaka Dragon Quest ilipouza. Kwa maana hiyo mlango wa chumba cha Horii ndio uliomfungulia njia.

Kuna simulizi inayorudiwa kila mahali, kwamba jina Final Fantasy lilichaguliwa kwa sababu hii ingekuwa gemu yake ya mwisho. Sakaguchi mwenyewe ameeleza mbele ya hadhira mwaka 2015 kwamba walichotaka ni jina linalofupishwa kuwa FF, herufi zinazotamkika vizuri kwa Kijapani, na jina la kwanza waliloliwaza lilikuwa limekwisha kuchukuliwa. Ukweli mwingine uko palepale: alikuwa tayari kurudi chuoni kama gemu hiyo isingeuza. Wiki tatu tu kabla haijatoka alikuwa ametimiza miaka 25.

Neno moja kuhusu cheo. Ukisoma majina mwishoni mwa Dragon Quest, Horii huandikwa kama mwandishi wa hadithi na mbunifu wa gemu, na cheo cha mwongozaji hupewa wengine. Koichi Nakamura wa studio ya Chunsoft aliongoza zile za mwanzo, Akihiro Hino wa studio ya Level-5 akaongoza ya nane. Lakini hakuna anayebisha kwamba neno la mwisho ni la Horii. Sakaguchi yeye aliongoza kwa cheo na kwa vitendo kuanzia Final Fantasy ya kwanza hadi ya tano, kati ya 1987 na 1992, kisha akapanda kuwa mtayarishaji na kuwaachia usukani vijana kama Yoshinori Kitase na Hiroyuki Ito.

Nani shujaa

Shujaa wa Dragon Quest hasemi. Watu wanamsimulia shida zao, anaitikia ndiyo au hapana, basi. Wengine huona huo ni upungufu wa zamani ambao haukurekebishwa. Mimi naona ndiyo roho ya kazi ya Horii: kiti cha shujaa kimeachwa wazi kwa ajili yako. Katika gemu ya kwanza, adui mkuu anakuuliza kama utakubali kugawana naye dunia nusu kwa nusu, na ni wewe unayebonyeza jibu. Katika ya tano, iliyotoka 1992, unafika mahali unapaswa kuchagua mke. Mmoja ni rafiki wa utotoni asiye na kitu, mwingine ni binti wa tajiri. Wajapani wanabishania uchaguzi huo mpaka leo, zaidi ya miaka 30, kwa sababu kila mmoja anahisi ni yeye aliyeoa, si mhusika wa kwenye skrini.

Dragon Quest V inakupitisha maisha mazima. Unaanza ukiwa mtoto anayemfuata baba yake safarini, unayaona mambo ambayo mtoto hapaswi kuyaona, unakua, unaoa, unapata watoto. Humo pia unaweza kuwageuza mazimwi uliowashinda kuwa wenzako wa safari, miaka minne kabla ya Pokémon. Nimeimaliza mara tatu na kila mara sehemu inayonigusa imebadilika. Nilipokuwa kijana nililia kwa ajili ya mtoto, sasa namlilia baba.

Sakaguchi hakuachii kiti. Anakualika ukae karibu na watu wake utazame yanayowapata. Final Fantasy IV ya mwaka 1991 inaanza na Cecil, nahodha wa jeshi la anga, akirudi nyumbani na kito alichopora kwa wanakijiji wasio na silaha, huku askari wake wakinong'ona kama walilofanya ni halali. Wewe hukuchagua kupora. Umeingia ndani ya mtu mwenye hatia tayari, na gemu yote ni njia yake ya kutoka humo. Wenzake wanakuja na kuondoka bila kukuomba ruhusa, wengine wanajitoa mhanga. Katika ya tano kuna pigano ambamo namba ya uhai wa mhusika inafika sifuri na bado anakataa kuanguka. Kanuni uliyoizoea tangu mwanzo wa gemu inavunjwa mbele yako kwa sababu huzuni ni kubwa kuliko kanuni. Hapo ndipo nilipomwelewa Sakaguchi. Namba za kwenye skrini, kwake, ni sehemu ya hadithi.

Msiba haukuwa jambo la kubuni kwake. Alifiwa na mama yake wakati Final Fantasy III ikitengenezwa, na tangu hapo swali la uhai huenda wapi mtu anapokufa halikumwacha. Liko katika ya saba ya mwaka 1997, ambapo uhai wote unarudi katika mkondo unaotiririka ndani ya sayari. Liko katika ya tisa ya mwaka 2000, ambayo yeye ndiye aliyeiandika, na ambamo mchawi mdogo Vivi anagundua kwamba watu wa aina yake wameumbwa na umri mfupi. Anayetaka kuujua moyo wa Sakaguchi wa miaka ya Square bila kuhangaika na michoro ya zamani sana, acheze hiyo ya tisa.

Ukishindwa

Watu husahau kulinganisha jambo hili, nalo ni kubwa kwa mtu anayecheza baada ya kazi. Ukifa katika Dragon Quest, unaamka kwa mfalme au kanisani, umepoteza nusu ya fedha zako, lakini uzoefu wote ulioupata unabaki. Saa yako haikwenda bure. Horii alitaka hata asiye hodari afike mwisho kwa kuwa na subira tu, na kama alivyoonyesha tangu gemu ya kwanza, mtu akikwama apigane zaidi, akue, arudi. Katika Final Fantasy, kundi lote likianguka, unarudi mahali ulipohifadhi mara ya mwisho. Miaka ile hilo liliweza kuwa saa mbili zilizopotea. Matoleo mapya yamelainisha hali hiyo, kwa kuwa yanahifadhi yenyewe njiani, na yale ya konsoli, yaani mashine za gemu, yana swichi za kuzima mapigano ya ghafla au kuzidisha uzoefu. Hata hivyo tabia ya asili imebaki. Dragon Quest inakusubiri, Final Fantasy inakusukuma.

Mapigano yenyewe yanafuata tabia hizo. Kwa Horii kila mtu anapigana kwa zamu, unatoa amri, unatazama. Kwa Sakaguchi hakuna gemu mbili zilizofanana. Ya pili iliondoa leveli, zile ngazi za ukuaji wa mhusika, kabisa, ukawa unakua katika kile unachokitumia. Ya tatu ikaleta kazi, kwamba mhusika mmoja aweze kuwa mpiganaji leo na mchawi kesho. Ya nne ikaweka saa inayotembea wakati wewe unafikiri, ubunifu wa Hiroyuki Ito. Ya tano ikarudisha zile kazi, zaidi ya 20, ukaruhusiwa kuchanganya ujuzi wa moja na nyingine. Mtu anayependa kuchezea mifumo, anayefurahi kupata mchanganyiko ambao haukutarajiwa, nyumbani kwake ni Final Fantasy V na asitafute kwingine.

Lugha

Hakuna gemu ya yeyote kati yao yenye Kiswahili. Wengi wetu tutacheza kwa Kiingereza, na ndugu wa Kongo na Burundi mara nyingi kwa Kifaransa. Hapa kuna tofauti ambayo mchezaji wa Marekani hawezi kukuambia. Kiingereza cha Dragon Quest ni kigumu. Watafsiri waliamua kuupa kila mji lafudhi yake, kwa hiyo kijiji kimoja katika ya nne kinazungumza kama Waskoti, na katika ya kumi na moja kuna mji ambao wakazi wake huzungumza kwa mashairi mafupi ya mizani ya Kijapani, mwingine wenye vionjo vya Kiitaliano. Majina ya mazimwi ni michezo ya maneno. Anayekijua Kiingereza vizuri atafurahi mno. Anayekisoma kwa taabu atachoka mapema, na atadhani tatizo ni yeye. Final Fantasy, hasa katika matoleo mapya ya ile ya kwanza hadi ya sita, ina sentensi fupi na za moja kwa moja. Kama Kiingereza chako ni cha shuleni, hilo peke yake laweza kuamua.

Aliyebaki na aliyeondoka

Hapa ndipo maisha yao yanapotofautiana zaidi, na ndipo linapotoka pendekezo langu.

Horii ametengeneza kitu kimoja kwa karibu miaka 40. Watatu ndio waliokuwa nguzo: yeye kwa maneno, Akira Toriyama kwa michoro, Koichi Sugiyama kwa muziki. Horii alipochora dude la utelezi lililorundikana chini kama uji uliomwagika, Toriyama alilirudisha likiwa tone la buluu lenye tabasamu, na tone hilo likawa nembo ya mfululizo wote. Gemu ya tatu ilipotoka Jumatano ya tarehe 10 Februari 1988, ziliuzwa zaidi ya milioni moja siku hiyo, na wanafunzi wengi waliokuwa kwenye foleni walipaswa kuwa darasani. Inasemekana serikali ilitunga sheria ya kukataza Dragon Quest kuuzwa siku za kazi. Haikutunga. Kampuni yenyewe ndiyo iliyochagua kuzitoa mwisho wa wiki na siku za mapumziko.

Tarehe 23 Julai 2021, wanamichezo walipoanza kuingia uwanjani katika ufunguzi wa Olimpiki ya Tokyo, wimbo wa kwanza uliopigwa ulikuwa wa Dragon Quest. Gwaride zima lilitembea kwa muziki wa gemu, za Final Fantasy na Chrono Trigger (nitaieleza mbele) zikiwamo. Kwa hiyo Wakenya, Waganda na Watanzania waliopita pale na bendera zao walipita kwa muziki wa gemu, mbele ya viti vitupu vya wakati wa korona. Miezi miwili baadaye Sugiyama alifariki akiwa na miaka 90. Toriyama akamfuata tarehe 1 Machi 2024. Horii amebaki peke yake kati ya wale watatu, na Dragon Quest XII aliyoitangaza Mei 2021 inabeba uzito huo.

Sakaguchi alipanda ngazi za kampuni mpaka juu kabisa, akawa makamu mtendaji wa rais. Ni mtu aliyekuwa tayari kuhama kwa ajili ya kazi. Mpangaji wake wa programu, Nasir Gebelli, kibali chake cha kufanya kazi Japani kilipomalizika, timu ilibeba vifaa ikamfuata Sacramento, California, kumalizia kazi. Baadaye Sakaguchi alihamia Hawaii. Huko Honolulu Square ilijenga studio ya filamu, na mwaka 2001 ikatoka Final Fantasy: The Spirits Within, aliyoiongoza mwenyewe. Iligharimu dola milioni 137, ikaingiza dola milioni 85 duniani kote. Studio ilifungwa, Sakaguchi akaachia cheo, na tarehe 1 Aprili 2003 Square iliungana na Enix, nyumba ya Horii. Mwaka huohuo Sakaguchi akaondoka kabisa.

Tazama basi yule ambaye hakuwahi kuajiriwa ndiye aliyebaki, na aliyekuwa bosi ndiye aliyetoka mikono mitupu, hata jina la Final Fantasy haliwezi kuwa lake. Nilikuwa nikidhani hadithi ya Sakaguchi iliishia hapo. Nilikosea sana.

Mwaka 2004 alianzisha Mistwalker, kampuni ndogo iliyopata msaada wa Microsoft. Blue Dragon ikatoka 2006 kwa michoro ya Toriyama, ni gemu njema ila haina mengi ya kukuambia. Lost Odyssey ya mwaka ufuatao ndiyo kito. Aliongoza Daisuke Fukugawa, hadithi kuu ni ya Sakaguchi. Kaim, mtu asiyekufa, ameishi miaka 1,000 na amesahau. Anapokutana na jambo linalofanana na kale yake, kumbukumbu inafunguka kama hadithi fupi ya kusoma, maandishi matupu yakitembea juu ya skrini na muziki. Hadithi hizo aliziandika Kiyoshi Shigematsu, mwandishi wa riwaya. Ni za watu wa kawaida aliowapenda Kaim na kuwazika, mmoja baada ya mwingine. Kama kuna mtu haamini kwamba gemu inaweza kuwa fasihi, mpe hiyo asome kumbukumbu ya kwanza, ya binti mgonjwa aliyekuwa akimsubiri msafiri arudi amsimulie ya nje.

Mwaka 2011 alirudi kuongoza mwenyewe kwa The Last Story, kwenye Wii. Imebaki imefungiwa kwenye mashine hiyo. Kisha mwaka 2021 ikaja Fantasian, ambayo mazingira yake si michoro ya kompyuta: mafundi walijenga kwa mikono zaidi ya vibao 150 vya mandhari, nyumba, misitu na meli, vikapigwa picha, wahusika wakawekwa ndani. Muziki ni wa Nobuo Uematsu, yuleyule wa Final Fantasy ya kwanza. Mazimwi unaokutana nao njiani unaweza kuwarundika mpaka 30 ukapigana nao kwa mkupuo mmoja, mishale na miale ikipinda kuwapata walio nyuma. Mwanzoni ilipatikana kwa wenye vifaa vya Apple tu. Desemba 2024 toleo jipya, Fantasian Neo Dimension, lilitoka kwenye konsoli na kompyuta, na mchapishaji wake ni Square Enix. Nyumba aliyoondoka ndiyo iliyokipokea kitabu chake cha uzeeni.

Walipokutana

Mwaka 1992 Sakaguchi, Horii na Toriyama walisafiri pamoja Marekani kutazama maendeleo ya michoro ya kompyuta, wakakubaliana kufanya kazi moja. Kilichozaliwa ni Chrono Trigger, Machi 1995, kwenye Super Famicom. Shujaa wake, Crono, hasemi. Huyo ni wa Horii. Lakini wenzake wana majeraha yao, chura aliyekuwa binadamu, roboti aliyetelekezwa, msichana anayesafiri nyuma ya wakati akitaka kuzuia ajali ya mama yake. Hao wamebeba moyo wa Sakaguchi. Kusema kweli waliokaa viti vya kuongoza kila siku walikuwa vijana wa Square, Takashi Tokita, Yoshinori Kitase na Akihiko Matsui, na mtunzi wa muziki Yasunori Mitsuda alijituma mpaka akaugua vidonda vya tumbo, Uematsu akamsaidia kumalizia.

Inamalizika kwa saa 20 hadi 25. Ina miisho zaidi ya kumi, kutegemea ni lini uliamua kumkabili adui mkuu, ambaye unaweza kumwendea mapema mno ukitaka, kama ile ngome ya ng'ambo ya maji. Ipo kwenye simu na kwenye kompyuta.

Kuna jina la tatu ambalo wasomaji wenye Nintendo wataniuliza: Tetsuya Takahashi. Alikuwa msanii Square, pendekezo lake la Final Fantasy VII likaonekana zito mno, likageuka Xenogears ya 1998. Mwaka uliofuata akaanzisha Monolith Soft. Xenosaga aliyoipanga kwa sehemu sita iliishia tatu, akaanza upya chini ya Nintendo na kupata Xenoblade Chronicles mwaka 2010. Ni kazi kubwa, dunia ya kwanza iko juu ya miili ya majitu mawili yaliyosimama yakiwa yamekufa. Lakini unahitaji mashine ya Nintendo na muda mrefu sana, na sitampendekeza kwa mtu anayeanza.

Basi uchukue ipi

Kama una simu tu na Kiingereza chako kimetulia, chukua Dragon Quest V. Inachezwa kwa mkono mmoja, simu ikiwa wima, unaweza kuiacha kituoni na kuiendeleza kwenye gari. Kama una simu na Kiingereza cha shuleni, chukua Final Fantasy IV kutoka matoleo mapya ya 2021. Usianze na ile ya kwanza kwa sababu tu ina namba moja. Hadithi za mifululizo yote miwili kwa sehemu kubwa hazifuatani, ukiacha Dragon Quest tatu za mwanzo, na ukitaka hizo zimetengenezwa upya, ya tatu mwaka 2024, ya kwanza na ya pili mwaka 2025.

Kama una kompyuta au konsoli ya kisasa, pakua jaribio la bure la Dragon Quest XI S. Ni karibu saa kumi za mwanzo, na ukinunua unaendelea ulipoishia. Hakuna njia nafuu zaidi ya kujua kama Horii ni mtu wako. Usiamue kabla hujatoka kwenye kijiji cha kwanza na kurudi.

Kama una Xbox ya kizazi hiki au kilichopita, Lost Odyssey inafanya kazi humo, na mimi ningeanza nayo hata kabla ya Final Fantasy yoyote. Mwendo wake ni wa polepole na mapigano ya mwanzo ni magumu kuliko inavyostahili. Vumilia mpaka kumbukumbu ya tatu.

Na kama umesoma mpaka hapa na bado huelemei upande wowote, chukua Chrono Trigger. Inaanzia kwenye tamasha la miaka elfu moja ya ufalme. Kabla hujaenda kwenye onyesho la mwisho, zunguka uwanja mzima, zungumza na kila mtu, na uwe mwangalifu na chakula kilichoachwa mezani. Baadaye kidogo kuna watu watakaokuhoji juu ya kila ulichofanya pale.